Uwanja wa Ndege wa Pemba

Uwanja wa Ndege wa Pemba (pia: Uwanja wa Ndege wa Karume, Pemba, au Uwanja wa Ndege wa Wawi, kifupi cha IATA: PMA, kifupi cha ICAO: HTPE) ni kiwanja cha ndege kinachohudumia kisiwa cha Pemba, Zanzibar, nchini Tanzania. Uko karibu na mji wa Chake Chake, makao makuu ya Mkoa wa Kusini Pemba, na ndio uwanja pekee wa usafiri wa abiria kisiwani. Unaendeshwa na Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Zanzibar.

Kwa miaka mingi uwanja umepokea safari za ndani ya Tanzania tu, hasa kutoka Unguja, Dar es Salaam na Tanga, kwa ndege ndogo zenye mapanga. Sababu kuu ni urefu wa njia ya kurukia, ambayo ni ya takriban km 1.5. Kwa hiyo msafiri anayetoka ng'ambo na kwenda Pemba hulazimika kubadilisha ndege kwanza mahali pengine. Mwanzoni mwa miaka ya 2020 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianzisha mpango wa kuupanua uwe uwanja wa kimataifa.

== Jina ==

Uwanja una majina matatu katika matumizi. "Uwanja wa Ndege wa Pemba" ndilo la kawaida katika ratiba za safari. "Wawi" ni jina la eneo ulipo, nje kidogo ya Chake Chake. "Karume" ni kumbukumbu ya Abeid Amani Karume, rais wa kwanza wa Zanzibar baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, aliyeuawa tarehe 7 Aprili 1972.

Jina la Karume huleta mkanganyiko, kwa kuwa uwanja wa Unguja nao ulipewa jina lake mwaka 2010 na sasa huitwa Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Abeid Amani Karume. Zamani uwanja huo wa Unguja ulijulikana kwa majina ya Kisauni na Kiembesamaki. Njia ya uhakika ya kutofautisha viwanja hivi viwili ni kuangalia vifupi vyake: PMA ni Pemba, ZNZ ni Unguja.

Mkanganyiko wa pili unahusu mji wa Pemba katika jimbo la Cabo Delgado nchini Msumbiji. Mji huo, ulioitwa Porto Amélia hadi mwaka 1975, una uwanja wake wa ndege wenye kifupi cha IATA POL. Anayenunua tiketi kwa intaneti anapaswa kuhakikisha kifupi kabla ya kulipa, kwa maana baina ya Pemba hizi mbili kuna umbali wa mamia ya kilomita.

== Mahali ==

Uwanja uko takriban km 6 upande wa mashariki wa mji wa Chake Chake, karibu na nyuzi 5°15′ za kusini na 39°49′ za mashariki. Kimo chake ni takriban mita 24 juu ya usawa wa bahari. Pemba ni kisiwa cha vilima vidogo na mabonde, tofauti na Unguja ambayo sehemu zake nyingi ni tambarare. Hata hivyo vilima vyake havifiki mita 100, hivyo si kizuizi kikubwa kwa ndege inayoteremka.

Chake Chake iko katikati ya kisiwa. Bandari ya Mkoani iko kusini na mji wa Wete uko kaskazini, kila mmoja kwa umbali wa takriban km 30. Kwa hiyo uwanja unafikika kwa barabara kutoka pande zote mbili za kisiwa bila safari ndefu. Magofu ya Pujini, ngome inayohusishwa katika masimulizi ya Wapemba na mtawala Mkama Ndume, yako upande huo huo wa kusini-mashariki ya mji.

Umbali wa angani kutoka Pemba hadi viwanja vya jirani ni kama ifuatavyo:

* Tanga: takriban km 85
* Unguja: takriban km 125
* Mombasa: takriban km 140
* Dar es Salaam: takriban km 190

== Historia ==

=== Kabla ya ndege ===

Pemba imetenganishwa na bara na mkondo wa bahari wenye upana wa takriban km 50. Tofauti na bahari iliyo baina ya Unguja na bara, ambayo ni ya kina kifupi, mkondo wa Pemba una kina cha mamia ya mita na maji yake huenda kwa nguvu. Kwa karne nyingi watu na bidhaa walipita hapo kwa majahazi na mashua, wakifuata pepo za msimu. Karafuu, ambayo sehemu kubwa ya mavuno yake Zanzibar hutoka Pemba, ilisafirishwa kwa vyombo vya baharini kwenda Unguja kuuzwa, na hadi leo karafuu ni mzigo wa meli na si wa ndege.

=== Wakati wa ukoloni ===

Usafiri wa ndege wa abiria ulianza Afrika Mashariki kabla ya Vita Kuu ya Pili. Kampuni ya Wilson Airways, iliyoundwa Nairobi mwaka 1929, iliunganisha miji ya Kenya na pwani kwa ndege ndogo. Baada ya vita, mwaka 1946, serikali za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar zilianzisha shirika la pamoja la East African Airways. Shirika hili liliiingiza Pemba katika safari zake za pwani pamoja na Tanga, Unguja na Dar es Salaam.

Zanzibar wakati huo ilikuwa nchi lindwa ya Uingereza, na ofisi kuu za serikali zilikuwa Unguja. Ndege iliwafaa hasa maofisa, madaktari, wafanyabiashara wakubwa na mifuko ya barua. Watu wa kawaida waliendelea kusafiri baharini.

=== Baada ya Mapinduzi na Muungano ===

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, Zanzibar na Tanganyika ziliungana tarehe 26 Aprili mwaka huo huo. East African Airways iliendelea kuwa shirika la pamoja hadi ilipovunjika mwaka 1977, mwaka ambao Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza nayo ilivunjika. Tanzania iliunda shirika lake, Air Tanzania, mwaka huo huo, nalo likabeba jukumu la safari za ndani ya nchi.

Kwa muda mrefu baada ya Mapinduzi Pemba haikuwa wazi kwa watalii. Wageni wachache walifika, na uwanja ulitumika hasa na wenyeji, watumishi wa serikali na viongozi.

=== Kampuni binafsi ===

Mabadiliko ya sera za uchumi katika miaka ya 1980 na 1990 yaliruhusu kampuni binafsi kuingia katika usafiri wa anga. Coastal Aviation ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1987 na ZanAir ya Zanzibar ilianza mwaka 1992. Baadaye Auric Air, Flightlink na As Salaam Air nazo zilirusha ndege katika njia za visiwani. Kampuni hizi zilitumia ndege ndogo zinazofaa njia fupi, jambo lililoifanya Pemba iweze kupata safari nyingi zaidi kwa wiki bila ujenzi mkubwa.

Mwaka 2010 kisiwa kiliunganishwa na gridi ya umeme ya taifa kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga. Kabla ya hapo Pemba ilitegemea majenereta ya dizeli.

=== Ajali za baharini na mahitaji ya uwanja ===

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander I ilizama katika mkondo wa Nungwi ikitoka Unguja kwenda Pemba. Ilikuwa imebeba watu wengi kupita kiasi kilichoruhusiwa. Kwa mujibu wa tume ya uchunguzi iliyoundwa na serikali, zaidi ya watu 1,500 walifariki au kupotea, na wengi wao walikuwa Wapemba waliokuwa wakirudi nyumbani baada ya sikukuu ya Idi. Tarehe 18 Julai 2012 meli nyingine, MV Skagit, ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja.

Misiba hii ilionyesha jinsi wakazi wa Pemba wanavyotegemea njia chache za kutoka kisiwani. Serikali ilinunua meli mpya, MV Mapinduzi II, na kampuni binafsi zikaongeza boti za kasi. Uwanja wa ndege haukuweza kuchukua nafasi ya meli. Ndege ndogo hubeba abiria wasiozidi kumi na wachache, wakati meli moja hubeba mamia, na nauli ya ndege ni kubwa kuliko ya meli. Lakini pale bahari inapochafuka au mgonjwa anapotakiwa kufikishwa haraka hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, au Muhimbili, Dar es Salaam, ndege ndiyo njia ya haraka inayobaki.

=== Mpango wa upanuzi ===

Mwanzoni mwa miaka ya 2020, chini ya Rais Hussein Ali Mwinyi, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar iliuweka uwanja wa Pemba katika miradi yake mikubwa ya miundombinu, pamoja na ujenzi mpya wa barabara ya Chake Chake–Mkoani. Lengo ni kurefusha njia ya kurukia na kujenga jengo jipya la abiria, ili uwanja uweze kupokea ndege kubwa zaidi na safari za moja kwa moja kutoka nje ya Tanzania.

== Njia ya kurukia na kutua ==

Uwanja una njia moja ya lami yenye urefu wa takriban mita 1,525. Inaitwa 03/21. Namba hizo ni mwelekeo wa dira uliofupishwa kwa kuondoa sifuri ya mwisho: ndege inayoelekea kaskazini-mashariki kwa nyuzi 30 hivi hutumia njia 03, na inayoelekea upande wa pili, kusini-magharibi kwa nyuzi 210 hivi, hutumia njia 21. Ni njia ileile moja, yenye majina mawili kufuatana na upande inakotumika.

Mwelekeo huu unaendana na pepo za msimu za pwani. Ndege huruka na kutua vizuri zaidi ikikabili upepo. Wakati wa kaskazi, takriban Desemba hadi Machi, upepo huvuma kutoka kaskazini-mashariki, hivyo upande wa 03 hufaa zaidi. Wakati wa kusi, takriban Aprili hadi Oktoba, upepo hutoka upande wa kusini, na upande wa 21 hufaa zaidi.

Urefu wa njia ndio unaoamua aina ya ndege. Ndege kama Cessna Caravan, yenye injini moja na viti 12 au 13 vya abiria, huhitaji chini ya km 1. Ndege za injini mbili zenye mapanga za ukubwa wa kati, kama vile ATR, zinaweza kutumia njia ya km 1.5 kwa kuzingatia uzito. Ndege za jeti zinazotumika sana katika safari za kimataifa, kama Boeing 737, kwa kawaida huhitaji njia ya km 2 au zaidi zikiwa na abiria na mafuta kamili. Kwa kulinganisha, njia ya uwanja wa Unguja ina urefu wa zaidi ya km 3.

Joto nalo lina athari. Hewa ya joto ni nyepesi na hupunguza nguvu ya mabawa na injini, hivyo ndege huhitaji njia ndefu zaidi kuruka mchana wa jua kali kuliko asubuhi. Mvua ya masika, kati ya Machi na Mei, huleta mawingu ya chini na njia iliyolowa, na safari huweza kuchelewa au kuahirishwa.

== Majengo na huduma ==

Uwanja una jengo dogo la abiria. Abiria huandikishwa, hupimwa mizigo, hukaguliwa na kusubiri katika jengo hilo, kisha hutembea kwa miguu hadi kwenye ndege iliyo katika eneo la maegesho. Hakuna madaraja ya kupandia ndege kama yale ya viwanja vikubwa.

Kwenye ndege ndogo uzito hupangwa kwa uangalifu. Kampuni nyingi zinazotumia Cessna Caravan huruhusu mzigo wa takriban kg 15 kwa abiria, na mara nyingine abiria mwenyewe hupimwa au kuulizwa uzito ili rubani apange nafasi za kukaa. Mzigo unaozidi huweza kuachwa upelekwe kwa ndege inayofuata. Kwa sababu hiyo wasafiri wenye mizigo mizito, kama vile wafanyabiashara wa dukani, hutuma bidhaa kwa meli na wenyewe kupanda ndege.

== Usimamizi ==

Uendeshaji wa uwanja unagawanyika baina ya taasisi za Zanzibar na za Muungano. Majengo, njia ya kurukia na huduma za abiria ziko chini ya Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Zanzibar, taasisi ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Upande wa Tanzania Bara kazi kama hiyo hufanywa na Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Tanzania, ambayo haina madaraka Zanzibar.

Lakini usafiri wa anga umetajwa kuwa jambo la Muungano katika Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977. Kwa hiyo leseni za marubani na kampuni, usalama wa safari na uongozaji wa ndege angani viko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Utabiri wa hali ya hewa, polisi na uhamiaji navyo ni mambo ya Muungano. Katika uwanja mmoja mdogo, basi, serikali zote mbili za Tanzania hufanya kazi bega kwa bega.

Mgawanyo huu una maana kubwa katika suala la kuwa uwanja wa kimataifa. Zanzibar inaweza kujenga njia na jengo, lakini kupokea safari za nje kunahitaji pia idhini ya mamlaka ya Muungano, ofisi za uhamiaji, forodha na afya, pamoja na huduma za zimamoto na uokoaji za kiwango kinacholingana na ukubwa wa ndege, kwa kufuata masharti ya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO).

== Safari ==

Safari za kawaida za abiria huunganisha Pemba na viwanja vitatu:

* Unguja: takriban nusu saa.
* Tanga: takriban dakika 20. Hii ndiyo njia fupi zaidi ya kufika bara.
* Dar es Salaam: takriban saa moja moja kwa moja, au zaidi ndege ikipitia Unguja.

Kampuni na ratiba hubadilika mara kwa mara kufuatana na msimu wa utalii na idadi ya abiria. Baadhi ya ndege hufanya mzunguko, zikitua Unguja au Tanga kuchukua abiria wengine kabla ya kuendelea.

Kwa njia ya bahari, boti ya kasi kutoka mjini Unguja hadi Mkoani huchukua takriban saa mbili hadi tatu, na meli ya kawaida huweza kuchukua saa sita au zaidi.

== Usafiri wa kufika uwanjani ==

Teksi hupatikana wakati ndege zinapofika, na hoteli nyingi huwatumia wageni wao gari. Mjini Chake Chake kuna daladala za kwenda Mkoani, Wete na Konde, hivyo abiria anayeelekea sehemu nyingine za kisiwa huweza kuunganisha safari akiwa mjini. Kutoka Konde barabara huendelea hadi msitu wa Ngezi na fukwe za Ras Kigomasha, sehemu ya kaskazini kabisa ya kisiwa.

== Umuhimu ==

Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2022, mikoa miwili ya Pemba ina wakazi 543,441, kutoka 406,848 katika sensa ya mwaka 2012. Idadi hii inazidi ile ya miji mingi ya Tanzania yenye viwanja vikubwa zaidi.

Wapemba wengi wanaishi nje ya kisiwa: Unguja, Dar es Salaam na Tanga, lakini pia Mombasa na pwani ya Kenya, Oman na nchi nyingine za Ghuba, na Ulaya. Mwaka 2023 serikali ya Kenya iliwatambua Wapemba wanaoishi pwani yake kuwa mojawapo ya makabila ya nchi hiyo. Hata hivyo anayetaka kwenda kwa ndege kutoka Chake Chake hadi Mombasa hawezi kuruka moja kwa moja km 140 kuelekea kaskazini. Hulazimika kwanza kwenda kusini hadi Unguja au Dar es Salaam na kubadilisha ndege, na hivyo kulipa nauli mbili. Wengine huchagua kuvuka hadi Tanga na kuendelea kwa basi.

Katika utalii tofauti baina ya visiwa viwili vikuu vya Zanzibar ni kubwa. Unguja hupokea ndege za moja kwa moja kutoka Ulaya, Ghuba na miji ya Afrika, na hoteli nyingi zimejengwa huko. Pemba, yenye miamba ya matumbawe inayosifiwa na wapiga mbizi, hasa kuzunguka kisiwa cha Misali, ina hoteli chache. Wanaounga mkono upanuzi wa uwanja hutarajia ajira na bei nafuu ya safari. Wanaotahadharisha hutaja ardhi ya kilimo, misitu na fukwe, ambazo katika Unguja zimebadilika sana tangu utalii ulipokua.

== Tazama pia ==

* Chake Chake
* Pemba (kisiwa)
* Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Abeid Amani Karume
* Usafiri nchini Tanzania
* Mkoani